Makohozi Yakibadilika Rangi: Kumtibu Mzee Mwenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu

Ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao hospitalini huitwa kwa kifupi COPD, huanza polepole. Mirija ya mapafu huvimba na kujaa ute, vifuko vidogo vya hewa huchakaa, na pumzi iliyoingia hutoka kwa taabu. Mtu huishi nao miaka mingi akikohoa kila asubuhi, akihema anapopanda mlima, akiacha kazi moja baada ya nyingine, huku mwenyewe na jamaa zake wakisema ni uzee tu. Ugonjwa huu hauponi, lakini unadhibitika. Kinachomwangusha mgonjwa ghafla mara nyingi ni maambukizi yanayokuja juu yake: bakteria huzaliana katika mirija iliyokwisha kuumia, na mapafu yasiyo na akiba ya nguvu hushindwa kazi ndani ya siku chache.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa COPD iliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, ikawa ya nne miongoni mwa magonjwa yanayoua zaidi duniani. Kati ya wanaokufa nayo kabla ya kutimiza miaka 70, karibu asilimia 90 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tanzania imo. Utafiti uliofanyika Masama, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuta ugonjwa huu kwa asilimia 17.5 ya watu wazima wa miaka 35 na zaidi waliopimwa. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa kuwa wanao, na karibu wote walikuwa wameishi na moshi wa kuni.

Moshi wa maisha yote

Masama iko mbali na Kigoma, lakini moshi ni uleule. Ilagala, katika Wilaya ya Uvinza mkoani Kigoma, iko karibu na mahali ambapo Mto Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika. Ni nchi ya michikichi, mihogo na samaki, na karibu kila riziki ya hapo hupitia motoni. Chikichi huchemshwa kwenye mapipa kwa saa nyingi kabla ya kukamuliwa mawese, na mara nyingi makapi na maganda yake makavu ndiyo hurudishwa chini ya pipa kuwa kuni. Mama anayechochea moto huo huinama juu yake, akigeuza uso kila upepo wa ziwani unapobadilika. Migebuka hukaushwa kwa moshi. Jioni jiko la mafiga matatu huwashwa ndani ya chumba kisicho na dohani, na ugali husongwa humo humo. Bara kidogo, Uvinza, watu walichemsha maji ya chumvi kwa kuni kwa zaidi ya miaka 1,000.

Moshi wa kuni una chembe ndogo mno zinazofika hadi mwisho wa mapafu. Anayeuvuta kila siku kwa miaka 40 anaweza kupata COPD bila kugusa sigara hata mara moja, na ndiyo maana akina bibi wengi wanao. Akiongeza sigara au kiko, madhara hukua maradufu. Kifua kikuu kilichopona nacho huacha makovu yanayobana njia za hewa, na vumbi la migodini hufanya hivyo hivyo.

Kipimo cha uhakika ni spirometa, mashine ambayo mgonjwa huipuliza kwa nguvu zake zote. Baada ya kupewa dawa ya kutanua mirija, hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya hewa yote anayoweza kuitoa, njia zake za hewa zimeziba. Zahanati nyingi za vijijini hazina mashine hiyo, kwa hiyo tabibu hutegemea historia: umri wa zaidi ya miaka 40, moshi wa miaka mingi, kikohozi kisichokoma, na kuhema kunakoongezeka mwaka hadi mwaka. Pumu ni tofauti. Kwa kawaida pumu huanza utotoni au ujanani, huja na kuondoka, na kati ya shambulio moja na jingine mgonjwa huweza kupumua vizuri kabisa.

Bakteria hupataje nafasi

Kuta za mirija ya hewa iliyo mizima zina vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Hupepea bila kukoma, vikisukuma ute wenye vumbi na vijidudu kuelekea kooni. Moshi huviua vinyweleo hivyo na wakati huohuo huongeza ute. Matokeo yake ute hutuama, na bakteria hupata makao. Wanaopatikana zaidi ni watatu: Haemophilus influenzae, Streptococcus pneumoniae na Moraxella catarrhalis. Kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yameharibika sana, au aliyekunywa antibiotiki mara nyingi, huweza kuingia Pseudomonas aeruginosa, ambaye dawa za kawaida hazimgusi.

Mara nyingi mlango hufunguliwa na virusi. Mafua ya kawaida, yaliyoletwa nyumbani na mjukuu kutoka shuleni, huvimbisha mirija, kisha bakteria waliokuwa kimya huongezeka. Uzee nao huongeza uzito wa jambo: misuli ya kifua hudhoofu, kukohoa hukosa nguvu, na kinga ya mwili hupungua makali. Ndiyo maana mzee mwenye maambukizi mazito anaweza asipate homa kabisa. Badala yake hukataa chakula, hulala mchana kutwa, huchanganyikiwa, au huanguka akienda chooni.

Dalili tatu za kuangalia

Mwaka 1987 madaktari wa Winnipeg, Kanada, walichapisha utafiti ambao hadi leo huongoza uamuzi wa kutoa antibiotiki kwa wagonjwa wa COPD. Walitumia dalili tatu: pumzi kubana kuliko kawaida ya mgonjwa, makohozi kuongezeka, na makohozi kubadilika rangi kuwa ya njano iliyokolea au kijani. Wagonjwa waliokuwa na dalili zote tatu ndio walionufaika zaidi na antibiotiki. Wenye moja tu hawakuonyesha faida ya wazi.

Neno la msingi hapo ni kawaida ya mgonjwa. Mwenye COPD hukohoa kila siku, na makohozi yake ya kila siku yana rangi na kiasi chake. Anayeishi naye ndiye anayejua kama leo kuna jambo jipya. Inafaa mgonjwa ateme kwenye kikopo cheupe chenye mfuniko au kwenye karatasi nyeupe, makohozi yatazamwe mchana kwenye mwanga, kisha kikopo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni au karatasi ichomwe. Rangi ya kijani hutokana na chembe za kinga zilizokwenda kupambana na bakteria, na kwa hiyo ni ishara ya maana. Makohozi yakibaki meupe, na mgonjwa hana homa wala hajazidiwa sana, uwezekano ni mkubwa kuwa chanzo ni virusi au moshi, na antibiotiki haitasaidia.

Nimonia, kifua kikuu na malaria

Maambukizi yakiishia kwenye mirija huitwa kuzidi kwa COPD. Yakishuka hadi kwenye vifuko vya hewa, ni nimonia, nayo ni hatari zaidi. Nimonia huleta homa, kutetemeka, kichomi upande mmoja wa kifua, na kupumua haraka. Picha ya eksirei hutofautisha hali hizi mbili. Pasipo eksirei, tabibu hupima uzito wa nimonia kwa mambo manne: mgonjwa amechanganyikiwa, anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu limeshuka chini ya 90 kwa namba ya juu au limefika 60 au chini kwa namba ya chini, na umri ni miaka 65 au zaidi. Kila jambo ni alama moja. Mwenye alama mbili anafaa kutazamwa hospitalini, na mwenye tatu au nne yuko hatarini na hapaswi kucheleweshwa hata saa moja.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji utaalamu. Mgonjwa akiwa ametulia, mtu huangalia kifua au tumbo lake likipanda na kushuka kwa dakika nzima huku saa ya simu ikihesabu. Ni bora mgonjwa asijue kuwa anahesabiwa, kwa sababu akijua hubadilisha pumzi.

Kandokando ya Ziwa Tanganyika kuna magonjwa mawili yanayoweza kumpotosha tabibu. Wa kwanza ni malaria. Homa inapopanda, hiyo ndiyo hushukiwa kwanza, na ni haki mgonjwa aipimwe. Lakini kipimo kikionyesha vimelea, hiyo haimaanishi kuwa kifua ni kizima: mzee anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja, na dawa ya mseto ya malaria haiui bakteria wa mapafu. Wa pili ni kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kukonda, kutoka jasho usiku au makohozi yenye damu ni sababu ya kupeleka makohozi maabara. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Hapa kuna onyo kwa wanaotoa dawa: antibiotiki kama siprofloksasini na ndugu zake huweza kukituliza kifua kikuu kwa muda bila kukiponya, na hivyo kukificha. Zisitolewe kiholela kwa mtu anayekohoa ambaye hajapimwa.

Dawa tatu, kila moja na kazi yake

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuamini kuwa antibiotiki peke yake itamaliza kazi. Mgonjwa wa COPD aliyepata maambukizi ana matatizo matatu kwa wakati mmoja: mirija imebana, imevimba, na ina bakteria. Kila tatizo lina dawa yake.

Ya kwanza ni dawa ya kutanua mirija, na inayopatikana zaidi ni salbutamoli ya kupuliza. Hufanya kazi ndani ya dakika chache. Wazee wengi hukosa faida yake kwa sababu vidole na pumzi haviendi pamoja: wanabonyeza pampu mapema au wanachelewa, na dawa huishia ulimini. Chombo cha kuikusanya dawa kabla haijavutwa huondoa tatizo hilo, na kisipopatikana chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inatosha. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kwa watoto wenye pumu, chupa kama hiyo ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Kitako cha chupa hukatwa tundu linalolingana kabisa na mdomo wa pampu, pampu huchomekwa humo, na kando hufungwa kwa utepe ili hewa isivuje. Pampu hutikiswa. Mgonjwa hutoa pumzi, huweka mdomo wa chupa kati ya midomo, hubonyeza mara moja, kisha huvuta polepole na kuishikilia pumzi hadi hesabu ya kumi, au kadiri anavyoweza. Husubiri kidogo kabla ya kurudia. Kubonyeza mara nyingi kwa mkupuo hupoteza dawa.

Ya pili ni steroidi, ambayo hupunguza uvimbe. Kipimo cha kawaida ni prednisoloni miligramu 40 mara moja kwa siku, asubuhi baada ya kula, kwa siku 5. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa siku 5 zinatosha sawa na siku 14, huku mgonjwa akimeza dawa kidogo zaidi. Prednisoloni hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari apimwe kila siku. Ikitumiwa kwa miezi mingi hudhoofisha mifupa na kinga, ndiyo maana haifai mgonjwa kuinunua tena na tena kwa sababu tu ilimpa nafuu mara ya kwanza.

Ya tatu ndiyo antibiotiki, kwa mgonjwa ambaye makohozi yake yamebadilika rangi pamoja na dalili nyingine, mwenye nimonia, au aliyezidiwa. Zinazoanza kutumika kwa kawaida ni amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, au doksisaiklini miligramu 200 siku ya kwanza na 100 kila siku zinazofuata. Siku 5 hutosha kwa wengi, na nimonia huweza kuhitaji siku 7 au zaidi. Aliyewahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini aseme mapema, kwa sababu amoksilini ni ya ukoo huo. Doksisaiklini humezwa mgonjwa akiwa ameketi, kwa maji mengi, na haichanganywi na vidonge vya kuongeza damu wala dawa za kupunguza asidi tumboni kwa saa mbili hadi tatu, kwa kuwa huzuia isifyonzwe. Mgonjwa asipopata nafuu baada ya siku mbili au tatu arudi kwa tabibu. Huenda bakteria ni sugu, au ugonjwa ni mwingine, kama moyo kushindwa kazi au damu iliyoganda kwenye mapafu.

Duka la dawa muhimu lipo hata pale ambapo tabibu hayupo, na limeokoa wengi. Lakini kununua vidonge sita vya antibiotiki kwa sababu fedha ndiyo hiyo iliyopo ni kuwafundisha bakteria kuishi na dawa. Vilevile wako wazee wanaotumia vidonge vya aminofilini au theofilini kwa ajili ya kifua. Wakiongezewa siprofloksasini au erithromaisini, theofilini hupanda katika damu hadi kuleta kutapika, moyo kwenda mbio na hata degedege. Mgonjwa aende na dawa zake zote mkononi, zionekane kabla ya kupewa nyingine.

Dawa za kuzuia kikohozi hazifai hapa, kwa sababu makohozi yanapaswa kutoka. Maji ya kutosha, kuketi badala ya kulala chali, na kutembea hatua chache husaidia zaidi. Pumzi ikibana, mgonjwa huvuta hewa kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anayepiga mluzi. Njia hiyo huiacha mirija wazi muda mrefu zaidi. Kujifukizia kwenye jiko la mkaa ndani ya blanketi ni hatari: huunguza, na moshi wake ndio uleule ulioleta ugonjwa.

Oksijeni kwa kipimo

Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni huonyesha kiwango cha oksijeni katika damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na asilimia 95 au zaidi. Kwa mgonjwa wa COPD aliyezidiwa, lengo ni kati ya 88 na 92. Ikishuka chini ya 88 anahitaji oksijeni, lakini kumfungulia kwa nguvu hadi asilimia 100 kunaweza kumdhuru: hewa chafu ya kaboni hujikusanya katika damu, mgonjwa husinzia, kisha pumzi hudhoofu. Utafiti wa Tasmania, Australia, wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kutoa oksijeni kwa kipimo hicho, tangu mgonjwa akiwa kwenye gari la wagonjwa, kulipunguza vifo kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mzee aliyewekewa oksijeni akianza kusinzia, asidhaniwe kuwa sasa amepata usingizi mzuri. Muuguzi aitwe mara moja.

Safari ya kwenda hospitali

Dalili zifuatazo hazisubiri asubuhi: kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo au kucha kuwa za buluu, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, maumivu makali ya kifua, makohozi yenye damu, na miguu kuvimba ghafla. Hali ya kutokuwa na mtu wa kumhudumia nyumbani nayo ni sababu ya kulazwa.

Kwa mtu wa Ilagala, na zaidi kwa wale wa vijiji vya mwambao wa kusini, safari hiyo ina pikipiki, kivuko au boti, na barabara ya mvua. Kutoka zahanati au kituo cha afya, rufaa huenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma. Kwa kuwa njia ni ndefu, kuanza matibabu kabla ya kuondoka ni muhimu zaidi kuliko mahali ambapo hospitali iko mtaa wa pili: dozi ya kwanza ya antibiotiki na prednisoloni, pampu na chupa yake mkononi. Mgonjwa asafiri ameketi, ameinama mbele kidogo na mikono imeegemea mapaja au mto. Kumlaza chali kwenye sakafu ya boti humziba pumzi.

Baada ya dawa kuisha

Dalili nyingi hupungua ndani ya siku 7 hadi 10, lakini nguvu hurudi polepole, na karibu mgonjwa mmoja kati ya watano huwa hajarudia hali yake hata baada ya wiki nane. Kila shambulio huacha mapafu chini kidogo ya yalipokuwa, na wiki zinazofuata hubeba hatari ya shambulio jingine na hata ya ugonjwa wa moyo. Mgonjwa aonwe tena ndani ya mwezi mmoja. Aliyekuwa na nimonia, hasa mvutaji sigara, apigwe eksirei nyingine baada ya wiki sita hivi, kuhakikisha hakuna saratani wala kifua kikuu kilichokuwa kimejificha.

Chakula ni sehemu ya matibabu, kwa sababu kupumua kwa shida hula nguvu nyingi. Milo midogo ya mara kwa mara yenye dagaa, maharage na mawese kidogo ni rahisi kuliko sahani moja kubwa inayojaza tumbo na kubana pumzi. Matembezi ya kila siku, yakiongezwa taratibu, hurudisha misuli.

Kinga ya kwanza ni kuondoa moshi. Anayevuta sigara akiacha leo, mapafu huacha kuharibika kwa kasi ile ya zamani hata kama ana miaka 70. Jiko litoke nje au liwekewe dohani, kuni ziwe kavu, na mzee mgonjwa asipewe zamu ya kuchochea moto wa mawese wala kukaa upande unakoelekea moshi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Katika nyumba yenye mgonjwa wa mapafu haipasi kusubiri mwaka huo. Chanjo ya mafua na ile ya nimonia hupunguza mashambulio kwa wazee pale zinapopatikana. Tanzania huwachanja watoto dhidi ya nimonia tangu 2013, na mtoto aliyechanjwa humpunguzia babu na bibi nafasi ya kuambukizwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Familia yenye mzee anayehema ifuatilie kitambulisho chake cha matibabu katika ofisi ya kijiji sasa, angali na nguvu, maana siku makohozi yatakapobadilika rangi hakutakuwa na muda wa kutafuta muhuri. Kikohozi cha miaka mingi ni ugonjwa wenye jina na wenye dawa, na mzee anayekohoa apelekwe kupimwa kabla hajazidiwa.